Nywila Inapokataliwa kwenye Mashine ya Maonyesho ya Linux: Jua Nani Amekataa Kabla Hujalegeza Kanuni

Mashine ya maonyesho haihifadhi mishahara ya watu wala majalada ya wagonjwa. Mkufunzi anaiwasha mbele ya darasa, fundi anaibeba kwenda kumwonyesha mteja, mwanafunzi anaivuruga jioni na asubuhi inarudishwa ilivyokuwa. Mwenye nayo anataka akaunti iitwayo `demo` na nywila ambayo watu ishirini wataiandika bila kukosea. Akijaribu kuiweka, Linux inagoma.

Nimefundisha kwenye vyumba vya namna hii, na njia ninayoiona ikitumika sana ni hii: mtu anafungua faili ya kwanza aliyoelekezwa, anafuta mstari wenye neno `pwquality` (moduli inayopima ubora wa nywila), anahifadhi, anaondoka. Baada ya dakika tano hakuna mtumiaji anayeweza kubadilisha nywila yoyote. Kosa limeanzia kwenye kudhani kwamba kanuni za nywila zinakaa mahali pamoja. Zimegawanyika katika tabaka kadhaa, kila tabaka lina maneno yake ya kukataa, na maneno hayo yanaonekana kwenye skrini. Ukiyasoma vizuri, mara nyingi dawa ni namba moja tu.

Mifano yangu ni ya Ubuntu 24.04 na Rocky Linux 9. Debian inafanana na ya kwanza. Red Hat na AlmaLinux zinafanana na ya pili.

## Kabla ya kugusa chochote

Kama ni mashine pepe, piga snapshoti (nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia). Kisha fungua terminali mbili, na moja wapo iwe tayari ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) kwa `sudo -i`. Hiyo usiifunge mpaka umalize kazi na kujaribu kuingia upya kwa dirisha jingine. Ukiharibu mafaili ya nywila, dirisha hilo ndilo litakalokuokoa, kwa sababu mtu aliyekwisha kuingia haulizwi tena.

Weka akiba:

```
cp -a /etc/pam.d /root/pam.d.akiba
cp -a /etc/security /root/security.akiba
```

Kwenye Rocky ongeza `cp -a /etc/authselect /root/authselect.akiba`. Huko `/etc/pam.d/system-auth` ni kiungo tu kinachoelekeza ndani ya `/etc/authselect`, na ukinakili kiungo peke yake umenakili kibao cha barabara, nyumba yenyewe umeiacha.

Sasa mgawanyo wenyewe. Linux huamua mambo ya nywila kupitia PAM (Pluggable Authentication Modules), mkusanyiko wa moduli za ukaguzi zinazopangwa ndani ya `/etc/pam.d`, na PAM ina safu nne. `auth` inathibitisha kuwa wewe ni wewe. `account` inaangalia kama akaunti yako inaruhusiwa kuingia wakati huu. `password` inashughulika na kubadilisha nywila. `session` inaandaa mazingira baada ya kuingia. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: umekataliwa ulipokuwa unaweka nywila mpya, au ulipokuwa unaingia kwa nywila iliyopo? Kulegeza kanuni za urefu hakumsaidii mtu ambaye akaunti yake imefungwa.

Skrini ikiwa na maneno machache mno, soma kumbukumbu za mfumo: `/var/log/auth.log` kwa Ubuntu, `/var/log/secure` kwa Rocky. Utaona kitu kama `pam_unix(sshd:auth)`. Neno la kwanza ni moduli iliyokataa, la pili ni programu iliyouliza, la tatu ni safu. Hapo umeshajua pa kwenda.

## Dalili: `BAD PASSWORD:` na sababu baada yake

Hii ni sauti ya `pam_pwquality`, na ndiyo moduli yenye adabu kuliko zote kwa sababu inasema kilichoiudhi. `shorter than 8 characters` maana yake nywila ni fupi kuliko herufi 8. `fails the dictionary check` maana yake imekutwa kwenye kamusi, au ni mfululizo mwepesi mno. `contains the user name in some form` maana yake umeingiza jina la akaunti ndani ya nywila, kosa la kila mtu anayejaribu `demo1234` kwa mtumiaji `demo`. `too similar to the old one` inajieleza.

Chini ya ujumbe huo mara nyingi kunafuata mstari wa pili, `Authentication token manipulation error`. Usiushughulikie. Huo ni mstari wa jumla wa `passwd` kusema kazi haikufanyika. Sababu ni ule wa juu yake.

Kabla ya kubadilisha faili lolote, jiulize kama kuna haja. Root akiweka nywila ya mtu mwingine kwa `passwd demo`, anaonyeshwa onyo la `BAD PASSWORD` lakini nywila inapita. Kama akaunti ya maonyesho inawekewa nywila mara moja na hakuna mwanafunzi atakayeibadilisha, kazi imekwisha hapo. Watu wengi wanaliona lile onyo, wanadhani wamekataliwa, wanakwenda kubomoa PAM bure. Angalia mstari wa mwisho: kama unasema `updated successfully`, nywila imeshaingia.

Root naye atakataliwa ikiwa kuna neno `enforce_for_root` kwenye mipangilio. Mashine zilizoandaliwa kwa kufuata miongozo ya usalama ya CIS (Center for Internet Security) huwa hivyo mara kwa mara, pamoja na urefu wa herufi 14. Kama ulipewa picha ya diski iliyokwisha kukazwa namna hiyo, usishangae.

Mipangilio iko `/etc/security/pwquality.conf`, na vipande vingine vinaweza kuwa ndani ya `/etc/security/pwquality.conf.d/`. Kwa mashine ya maonyesho napendelea mstari huu mmoja:

```
enforcing = 0
```

Moduli inaendelea kukagua na kutoa onyo, ila haizuii. Darasani nimeipenda kwa sababu mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba nywila yake ni dhaifu na kwa nini, na somo linasonga mbele. Ukitaka kulegeza kanuni moja tu na kubakiza nyingine, zima ile inayokusumbua: `dictcheck = 0` inazima kamusi, `usercheck = 0` inaruhusu jina la akaunti, `minclass = 0` inaondoa sharti la kuchanganya aina za herufi, na `difok` ni idadi ya herufi zinazotakiwa kutofautiana na nywila ya zamani.

Zile nne zinazoishia na `credit` zimewachanganya wengi. `dcredit` ni tarakimu, `ucredit` herufi kubwa, `lcredit` herufi ndogo, `ocredit` alama nyinginezo. Namba hasi ni sharti: `dcredit = -1` inadai angalau tarakimu moja. Namba chanya ni zawadi: `dcredit = 1` inaihesabu tarakimu moja kama herufi ya ziada kwenye urefu, hivyo nywila ya herufi 7 yenye tarakimu inaweza kufikisha 8. Sifuri haidai wala haizawadii. Mtu akitaka kulegeza na kuandika `-1` akidhani ni kidogo kuliko `0`, amekaza.

### "Nimeandika `minlen = 4` bado inakataa"

Chini ya 6 `pwquality` haishuki. Ukiandika 4 inasoma 6, na haikuambii. Zaidi ya hapo, `pam_unix` iliyo mstari wa chini yake ina sakafu yake yenyewe, nayo kwa kawaida ni 6. Ikikataa inasema `You must choose a longer password`. Ukitaka kweli nywila ya herufi 4 iwekwe na mtumiaji wa kawaida, utalazimika kumfikia kila mmoja kwa upande wake: `enforcing = 0` kwa wa kwanza, na `minlen=4` mwishoni mwa mstari wa `pam_unix.so` kwa wa pili. Mimi sijawahi kuona haja. Root aiweke, basi.

### "Nimebadilisha `pwquality.conf`, hakuna kilichobadilika"

Angalia mstari wenyewe wa PAM:

```
grep -rn pwquality /etc/pam.d/
```

Kilichoandikwa mwishoni mwa mstari huo kinashinda kilicho kwenye faili. Kama kuna `minlen=14` pale, unaweza kuandika chochote kwenye `pwquality.conf` na hakitasikilizwa. Ukikuta mstari uko safi, na namba yako umeiandika kwenye kipande cha `pwquality.conf.d`, tazama `pwquality.conf` yenyewe, kwa sababu vipande husomwa kwanza na faili hilo ndilo linaloshinda.

Na kama `grep` haikurudisha kitu? Basi `pwquality` haipo kabisa. Ubuntu ambayo haijawekewa kifurushi cha `libpam-pwquality` inakaguliwa na `pam_unix` peke yake kupitia neno `obscure` ndani ya `/etc/pam.d/common-password`. Sauti yake ni tofauti: haitangulizi `BAD PASSWORD`. Ondoa neno `obscure` kwenye mstari huo na ukaguzi wa nywila nyepesi unakwisha. Mabadiliko ya maneno ya mwishoni mwa mstari yanaheshimiwa na `pam-auth-update`, kwa hiyo hayatafutwa utakapoboresha mfumo.

Rocky ni habari nyingine, kwa sababu huko mafaili ya PAM huandikwa na chombo kiitwacho `authselect`. Ukihariri `system-auth` kwa mkono, siku mtu atakapoendesha `authselect apply-changes` kazi yako inafutika, au `authselect` inakataa kuendelea kwa sababu imekuta faili si zile ilizoziandika. Amri ya `authselect check` itakuambia kama mtu ameshapita hapo kwa mkono. Badilisha `pwquality.conf`, ambayo `authselect` haiigusi. Ukilazimika kugusa mistari yenyewe, tengeneza wasifu wako:

```
authselect create-profile maonyesho -b sssd --symlink-meta
```

Hariri faili zilizo ndani ya `/etc/authselect/custom/maonyesho/`, kisha `authselect select custom/maonyesho`. Kabla ya hapo endesha `authselect current` uandike kando vipengele vilivyokuwa vimewashwa, maana itabidi uvitaje tena kwenye amri hiyo ya kuchagua.

### Nywila ndefu iliyo rahisi kuliko fupi

Hapa nina maoni yangu na nayasema wazi. Mara nyingi anayetaka kulegeza kanuni anataka nywila inayokumbukwa, na ufupi si lazima kwa hilo. Kamusi inayotumiwa na `pwquality` imejaa maneno ya Kiingereza. Maneno matatu ya Kiswahili yaliyounganishwa, kama `embe-ndoo-kibatari`, yanapita bila kugusa faili lolote, mwanafunzi anayaandika kwa mkono mmoja, na kwa mbali ni magumu kubahatisha kuliko `P@ssw0rd1`. Jaribu yako kabla ya kuitangaza:

```
echo 'embe-ndoo-kibatari' | pwscore
```

Kwenye Ubuntu amri hiyo inatoka kwenye kifurushi cha `libpwquality-tools`. Ikirudisha namba, imepita. Sharti la kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama ndilo linalozuia maneno ya namna hii, na sharti hilo lenyewe limepoteza watetezi: mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, SP 800-63B wa mwaka 2017, ulishauri lisiwekwe, na pia watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda bila dalili ya kuvuja. Kwa hiyo kuzima `minclass` na kubakiza urefu ni ulegezaji ambao sioni haya kuutetea, hata nje ya mashine ya maonyesho.

## Dalili: `Authentication token manipulation error` bila maelezo juu yake

Huu ndio ujumbe unaoniletea simu nyingi, na karibu kila mara mtu ameshaanza kuhariri PAM. Tazama mistari hii ya Ubuntu yenye `pwquality`:

```
password  requisite                   pam_pwquality.so retry=3
password  [success=1 default=ignore]  pam_unix.so obscure use_authtok try_first_pass yescrypt
password  requisite                   pam_deny.so
password  required                    pam_permit.so
```

Neno la hatari ni `use_authtok`. Linaiambia `pam_unix`: usimwulize mtumiaji nywila mpya, chukua ile aliyoichukua mwenzako aliyekutangulia. Ukifuta mstari wa `pwquality`, hakuna aliyetangulia. `pam_unix` inanyoosha mkono, haipati kitu, inakataa. Mtumiaji anaulizwa nywila ya sasa, haulizwi mpya, na anaona kosa. Ukiona `passwd` imeruka swali la nywila mpya, umeshapata jibu.

Dawa ya harakaharaka ni kuondoa `use_authtok` kwenye mstari wa `pam_unix`. Dawa iliyo sahihi kwa Ubuntu ni kurudisha faili kutoka kwenye akiba, kisha kuendesha `sudo pam-auth-update` na kuondoa alama ya ukaguzi wa nguvu ya nywila. Chombo hicho kinaandika upya mistari yote na `use_authtok` inaondoka yenyewe. Kikikuuliza kama kiandike juu ya mabadiliko yaliyofanywa kwa mkono, na ni wewe uliyeyafanya, kubali.

Tatizo la pili la mistari hiyo ni `success=1`. Maana yake: ukifaulu, ruka mstari mmoja. Mstari unaorukwa ni `pam_deny`, mlinzi wa mwisho anayemkataa kila anayemfikia. Mtu akichomeka mstari mpya kati ya `pam_unix` na `pam_deny`, hesabu inaharibika: aliyefaulu anaruka ule mpya na kutua kwa mlinzi. Nywila ni sahihi, mfumo unakataa, na hakuna kumbukumbu inayoeleza. Hesabu mistari kwa kidole kila unapoongeza au kupunguza.

Kama PAM haijaguswa na mtu, angalia diski. Kubadilisha nywila ni kuandika `/etc/shadow`, na pasipoandikika hakuna nywila. Mfumo uliowashwa kwa njia ya uokoaji huwa umefungwa usiandikwe. Amri ya `mount -o remount,rw /` inaufungua. Diski iliyojaa inaonekana kwa `df -h`, na iliyoishiwa nafasi za faili kwa `df -i`. Kuna wanaolinda mashine za maonyesho kwa kulipiga `/etc/shadow` kufuli la `chattr +i` ili wanafunzi wasibadilishe nywila, kisha miezi inapita na kufuli linasahaulika. Amri ya `lsattr /etc/shadow` italifichua. Mwisho kabisa, akaunti iliyomo kwenye `/etc/passwd` lakini haimo kwenye `/etc/shadow` inatoa kosa hilohilo. `pwck` inaitambua, `pwconv` inairekebisha.

## Dalili: zinazohusu tarehe

`You must wait longer to change your password` haihusiani na ubora wa nywila hata kidogo. Akaunti imewekewa idadi ya siku zinazotakiwa kupita kabla ya kubadilisha tena. `You are required to change your password immediately` ni kinyume chake: muda umepita, au msimamizi amelazimisha. `Your account has expired` ni akaunti nzima kufika ukomo.

Zote tatu zinasomwa kwa amri moja, `sudo chage -l demo`, na zinatibiwa kwa amri moja:

```
sudo chage -m 0 -M 99999 -I -1 -E -1 demo
```

Kama imelazimishwa kubadilishwa kwenye kuingia, ongeza `sudo chage -d $(date +%F) demo`.

Mtego ulio hapa ni `/etc/login.defs`. Watu wanabadilisha `PASS_MAX_DAYS` humo na kusubiri mabadiliko. Namba hizo zinanakiliwa akaunti inapoundwa. Akaunti iliyokwishakuwapo haizisikii. Na `PASS_MIN_LEN` iliyo jirani yake haina kazi yoyote pale PAM inapotawala, hata uibadilishe mara ngapi.

Mashine za maonyesho zinaugua ugonjwa huu kuliko nyingine kwa sababu ya snapshoti. Snapshoti imepigwa Januari, nywila ina ukomo wa siku 90, mashine inafunguliwa Juni. Saa inajirekebisha kwa mtandao, nywila inaonekana imezeeka, na mbele ya wageni skrini inadai nywila mpya. Kila baada ya kipindi inarudishwa kwenye snapshoti, na ugonjwa unarudi nao. Endesha `chage` hiyo, kisha piga snapshoti *upya*.

Picha za diski zinazoandaliwa kwa cloud-init (chombo kinachopanga mashine za wingu zinapowashwa mara ya kwanza) zina la kwao: nywila zinazowekwa kupitia sehemu ya `chpasswd` huhesabiwa zimekwisha muda tangu mwanzo, isipokuwa uandike `expire: false`.

## Dalili: `Password has been already used`

Ni historia ya nywila, kazi ya `pam_pwhistory`, na heshi (nywila zilizogeuzwa kuwa fumbo) za zamani zimo `/etc/security/opasswd`. Kwa Rocky `authselect disable-feature with-pwhistory` inatosha. Kama ni mara moja tu, root aiweke. Historia haimbani root isipokuwa iwe imeandikwa hivyo.

## Dalili: nywila ni sahihi, mlango haufunguki

Nilikuwa na watu ishirini, akaunti moja, na nywila ubaoni. Wawili wakakosea kuandika, mmoja akakosea tena, na chumba kizima kikafungiwa nje kwa dakika 10. Hiyo ni `pam_faillock`. Kwa kawaida yake makosa 3 ndani ya dakika 15 yanafunga akaunti kwa sekunde 600, na inahesabu kwa jina la akaunti, haijali makosa yametoka kompyuta gani. Darasa linaloshirikiana akaunti linajifunga lenyewe.

```
sudo faillock --user demo
sudo faillock --user demo --reset
```

Amri ya kwanza inaonyesha makosa na yalikotoka, ya pili inafungua. Kisha kwenye `/etc/security/faillock.conf` weka kitu kama `deny = 20` na `unlock_time = 30`. Usiandike `unlock_time = 0` ukidhani ni "fungua mara moja". Sifuri hapo maana yake isifunguke kamwe mpaka msimamizi aje.

Lakini tiba ninayoiamini ni kila mtu kuwa na akaunti yake, na ni kazi ya nusu dakika:

```
for i in $(seq -w 1 20); do
  sudo useradd -m -s /bin/bash demo$i
  echo "demo$i:$(openssl passwd -6 'embe-ndoo-kibatari')" | sudo chpasswd -e
done
```

`chpasswd -e` inapokea heshi iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo hakuna moduli ya ubora inayoulizwa chochote. Ndiyo njia safi kuliko zote za kuweka nywila yoyote uitakayo bila kulegeza kanuni hata moja ya mfumo.

Ikiwa `faillock` haina kitu, jaribu `sudo passwd -S demo`. Herufi `L`, au `LK` kwa Rocky, inasema akaunti imefungwa. `NP` inasema haina nywila kabisa. Akaunti isiyo na nywila inaweza kuingia kwenye skrini ya mashine yenyewe pale `pam_unix` ina neno `nullok`, lakini SSH (njia ya kuingia kupitia mtandao) huikataa isipokuwa uamuru vinginevyo. Usiamuru.

Kibodi nayo. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaotumia kibodi za mpangilio wa Kifaransa wanalijua hili vizuri: nywila imewekwa kwa mpangilio mmoja, inaandikwa kwa mwingine, `a` imekuwa `q`, tarakimu zinadai Shift, na kwa kuwa nywila haionekani mtu anaapa kwamba ameandika sahihi. Iandike mahali pa jina la mtumiaji uone kinachotokea kweli. `localectl status` inataja mpangilio uliopo.

Kwa SSH, ukiona `Permission denied (publickey)`, yaliyomo kwenye mabano ndiyo njia ambazo seva inazikubali. Neno `password` halimo, kwa hiyo nywila yako haikuangaliwa hata mara moja. Picha nyingi za wingu huzima nywila kwa faili iliyo ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`, mara nyingi `50-cloud-init.conf`. Kwenye sshd thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshinda, kwa hiyo mstari ulioongeza mwishoni mwa `sshd_config` haufui dafu. Andika faili yako, mfano `10-maonyesho.conf`, na uifungulie darasa peke yake:

```
Match User demo* Address 192.168.56.0/24
    PasswordAuthentication yes
```

Anwani hizo ni za mtandao wa host-only wa VirtualBox, weka zako. Kagua kwa `sshd -t`, washa upya huduma, ambayo ni `ssh` kwa Ubuntu na `sshd` kwa Rocky, kisha hakikisha:

```
sudo sshd -T -C user=demo01,host=darasa,addr=192.168.56.10 | grep -i passwordauth
```

Sharti la anwani sikuliweka kwa urembo. Mashine yenye nywila dhaifu na mlango namba 22 ulio wazi kwa intaneti hubishwa hodi na programu za kubahatisha bila kupumzika, na `demo` ni miongoni mwa majina yanayojaribiwa mapema. Mashine pepe iliyo kwenye NAT imejificha. Ukiigeuza iwe daraja la mtandao wa ofisi, kila aliye kwenye Wi-Fi anaifikia. Na akaunti ya maonyesho isiwe na `sudo`, isipokuwa somo lenyewe ni `sudo`.

## Dalili ndogondogo

Akaunti haimo kwenye `/etc/passwd` lakini `getent passwd jina` inaiona? Inatoka kwenye seva ya akaunti za pamoja, kama LDAP, FreeIPA au Active Directory. Kanuni zake ziko kwenye seva hiyo na hakuna utakalohariri hapa litakalozilegeza. Tumia akaunti ya ndani kwa maonyesho.

Baada ya root kubadilisha nywila, GNOME inadai nywila ya zamani ili kufungua pete ya funguo: pete hiyo ilifungwa kwa nywila ya zamani, na root hana njia ya kuibadilisha. Kwa akaunti isiyo na kitu cha thamani, futa `~/.local/share/keyrings/login.keyring` na uingie upya.

`ERROR 1819` inatoka MySQL, ambayo ina kanuni zake na haiisikilizi PAM. Kwa toleo la 8.0, `SET GLOBAL validate_password.policy = LOW;` inalegeza, na urefu uko `validate_password.length`.

## Kabla mashine haijatoka mikononi mwako

Mashine za maonyesho zina tabia ya kupandishwa cheo. Mteja anaipenda, anaomba iachwe ilivyo, na wiki inayofuata ina data halisi. Siku hiyo endesha:

```
diff -r /root/pam.d.akiba /etc/pam.d
diff -r /root/security.akiba /etc/security
```

Kwa Rocky linganisha pia `/root/authselect.akiba` na `/etc/authselect`. Kila mstari utakaotokea ni kitu ulichokilegeza. Urudishe, ufute faili ya `10-maonyesho.conf`, na uondoe akaunti zote za `demo` kwa `userdel -r` kabla ya kukabidhi.